Kabla hujanunua gogo la kwanza: nyumba ya magogo hapa Pemba

Mteja huingia karakana yetu hapa Wete na simu mkononi. Anatuonesha picha ya nyumba ya magogo mazima, moja limelazwa juu ya jingine, kona zimeshikana, na nje theluji imetanda. "Fundi, naitaka hii, nitaijenga mwenyewe kidogo kidogo." Hamu hiyo tunaipenda na hatumvunji mtu moyo. Ila kabla hajatoa hata shilingi, tunamkalisha barazani tukapiga hesabu pamoja.

Chukua chumba kimoja cha mita 3 kwa 4, ukuta wa mita 2.4. Kwa magogo ya unene wa sentimita 15 unahitaji safu 16, kila safu magogo 4. Hayo ni magogo 64, yaani korija 3 na miti 4 juu yake. Ukiacha sentimita 30 zichomoze kila kona, unafika zaidi ya mita 260 za mti ulionyooka. Mlango na dirisha vitapunguza kidogo tu.

Watu wa Norway na Ufini wana misonobari mirefu iliyonyooka, na unene wa ukuta ule unawakinga na baridi. Sisi tunachotafuta ni upepo upite. Halafu itazame miti yetu. Mnazi umenyooka vizuri, lakini ugumu wake uko pembeni karibu na gome. Moyo wake ni laini na huoza upesi. Mvinje ni mgumu, ila hupasuka ukikauka. Boriti za mikoko ni nyembamba, na mikoko hukatwa kwa kibali tu.

Kwa anayeanza, ushauri wetu ni huu: simamisha kiunzi cha mbao za inchi 2 kwa 4, kisha nje pigilia mabanzi, zile mbao za pembeni zinazobaki gogo linapopasuliwa, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Anayepita njiani ataona nyumba ya magogo. Wewe utakuwa umetumia mti mchache sana, na kila kipande mtakiinua watu wawili bila winchi.

Ukishikilia magogo mazima, tutakusaidia pia, lakini jua kwamba mti unapokauka husinyaa kwa unene, si kwa urefu. Magogo mabichi 16 yakisinyaa kila moja kidogo, ukuta mzima unashuka kwa sentimita kadhaa. Usipoacha nafasi juu ya fremu ya mlango, mlango utabanwa usifunguke tena. Nguzo iliyosimama, kwa sababu urefu wake haupungui, itaendelea kulibeba paa huku ukuta umeshuka.

Sasa tuje kwenye miguu ya nyumba, maana hapa ndipo tunapoona pesa za watu zinapotea. Usichimbie nguzo ya mbao ardhini. Hata iwe ngumu vipi, pale udongo unapokutana na hewa ndipo inapoanza kuoza. Jenga viguzo vya zege au mawe, vinyanyuke nusu mita juu ya ardhi, na kila kimoja ukivike kofia ya bati iliyochomoza pande zote kabla ya kulaza boriti. Kofia haimuui mchwa. Inamlazimisha apitishe njia yake ya udongo nje, mahali unapoiona. Nusu mita ile ni kwa ajili yako: uweze kuinama na tochi kila mwezi ukague. Nyumba iliyolala chini huliwa miezi mingi kabla mwenyewe hajasikia sakafu ikibonyea.

Paa lichomoze sentimita 60 au zaidi kila upande, maana mvua ya masika haidondoki wima. Kuvu anayeozesha mbao anahitaji unyevu unaopita takriban asilimia 20. Mbao ikirowa leo na kukauka kesho haimpi nafasi. Inayobaki na maji wiki nzima ndiyo inayooza.

Mbao za dawa, zile za rangi ya kijani kutoka bara, ni nzuri kwa kiunzi. Lakini dawa haifiki moyoni, kwa hiyo kila unapokata, paka dawa tena penye mkato. Na tunawasihi sana kina mama na watoto: mabaki yake yasiingie jikoni. Nyingi zimetiwa dawa yenye arseniki, sumu inayotoka na moshi na kubaki kwenye majivu.

Misumari iwe ya kuzuia kutu, kwani hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Mbao zipange kivulini, katikati ya safu weka vijiti ili upepo upite. Panga kazi ianze kaskazi likivuma, paa liwe limefungwa kabla ya Machi kwisha. Kibali cha ujenzi kitangulie yote. Pa kuanzia ni kwa sheha wako.

Ukija karakana, njoo na vipimo vya kiwanja na picha yake iliyopigwa mara baada ya mvua kubwa, tuone maji yanasimama wapi. Orodha ya mbao tutaiandika pamoja siku hiyo hiyo, na siku ya kuweka viguzo fundi wetu atakuja na kamba na timazi, mpime naye vya mwanzo vinne.