Mbona nalipa kopei ya fizio na bima ninayo?

Hili swali twaulizwa sana pale risepsheni ya kliniki yetu ya fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na mtu akiuliza huwa ashakasirika. Na ana haki, manake mshahara umekatwa 2.75% ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, kazini kuna bima ya kampuni, halafu afika hapa kwetu Tudor aambiwa atoe elfu moja tena.

Kopei ni pesa unayotoa mfukoni kila ukija, inayobaki yalipwa na bima. Kiwango si sisi tunaopanga, kimeandikwa kwa mkataba wa mwajiri wako na kampuni ya bima, na sisi pia tumesaini kwamba tutaikusanya, kwa hivyo hata tukikuhurumia hatuwezi kukuachilia tu hivi hivi.

Sasa ukienda kwa daktari na homa waenda mara moja, basi. Fizio si hivyo. Tuseme una bega lililoganda, uje mara tatu kwa wiki, wiki sita, kopei elfu moja kila ukija, hio ni elfu kumi na nane! Hapo ndipo watu huanza kukosa, mara ntakuja Jumatatu, mara simu haishikwi. Tumebandika tepu ukutani, mgonjwa wa bega hupandisha vidole polepole nasi twaweka alama amefika wapi, na ziko alama zimekwama usawa wa kifua sababu mwenyewe hakurudi, na alikuwa anapata nafuu. Mama wa watu bado hawezi kuinua mkono ajivalishe buibui. Latuuma sana hili.

Kule Marekani wengine wameliwekea sheria. Jimbo la Kentucky 2011 lilisema kopei ya fizio kwa siku isizidi ile ya kumuona daktari. Insulini nayo, dawa ya kisukari, jimbo la Colorado likaweka mwisho wa kopei dola 100 kwa mwezi, hio ni sheria ya 2019, halafu 2022 ikaja sheria ya nchi nzima, dola 35 kwa mwezi kwa walio na Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee. Na utafiti mkubwa wa RAND, shirika la utafiti la huko huko Marekani, ulioanza miaka ya 70 ulionyesha mtu akilipishwa mfukoni hupunguza matibabu, hata yale anayoyahitaji kweli. Wabunge wetu walitazame hili jambo, kopei ya fizio ilipwe mara moja kwa ugonjwa mmoja, si kila ukiingia mlangoni.

Kwa sasa, kabla hujaanza njoo na kadi, tutapigia bima ukiwa hapo hapo tukuandikie jumla yote utakayotoa mpaka mwisho. Bima ya kazini kwa kawaida hufanywa upya kila mwaka, ongea na watu wa HR mapema, waulize kopei ya fizio yaweza kushushwa. Na pesa zikibana tafadhali usipotee, tuambie, tutakupunguzia siku za kuja tukufundishe mazoezi ya nyumbani, na mtu wako aje aone vile yanafanywa akusaidie.