Barua kwa Mwanangu Kuhusu Hesabu ya Makala Zake

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako pamoja na orodha ya makala zako, na nimeelewa kwamba kamati ya kupandisha vyeo ilikuuliza zaidi kuhusu idadi ya mara ulizonukuliwa kuliko kuhusu wagonjwa ulioandika habari zao. Unasema kipimo chako cha h, kile kinachojumlisha makala na nukuu zake katika nambari moja, ni 6 na kwamba kinakutia unyonge mbele ya wenzako. Unaniomba pia ushauri kuhusu mwaliko wa kuweka jina lako katika makala ambazo hukushiriki kuziandaa. Sijawahi kushika kisu cha upasuaji, lakini nimestaafu kutoka kazi ya kutunza kumbukumbu za hospitali, na ninajua takwimu za daktari hutoka wapi kabla hazijafika katika jarida. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Kipimo hicho kilitungwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kuwa na 6 maana yake ni kwamba una makala 6 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 6, lakini huna 7 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 7. Mtu aliyeandika makala moja tu, ikanukuliwa mara elfu, atapewa 1. Kwa kuwa makala huendelea kunukuliwa miaka mingi baada ya kuchapishwa, kipimo hiki hupanda kadiri mtu anavyokaa kazini, kwa hiyo anayekulinganisha na profesa aliyeanza kuchapisha ulipokuwa shule ya msingi anapima miaka yenu kuliko kazi yenu. Jawabu hubadilika pia kulingana na anayehesabu. Mtambo wa kutafutia maandishi ya kitaaluma wa Google Scholar huhesabu tasnifu, vitabu na ripoti, ilhali hifadhidata za Scopus na Web of Science huchagua majarida, na majarida mengi ya Afrika hayamo humo. Isitoshe, wanaoandika kuhusu saratani ya matiti ni wengi mno, na wanaoandika kuhusu watoto walioungua ni wachache. Kazi mbili zenye ubora uleule hazitanukuliwa sawa.

Ningependa umtazame kwa makini Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ng'ambo tu ya ziwa letu. Mwaka 1957 alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, na muda si mrefu akamwona mwingine mwenye hali hiyohiyo. Hakuridhika kwamba hayo yametokea kwa bahati. Alirudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akapekua habari za watoto waliokufa kwa uvimbe wa aina mbalimbali, akagundua kwamba maradhi yaliyokuwa yakiandikwa kwa majina tofauti huenda ni maradhi mamoja. Mwaka 1958 alichapisha makala akiwa mwandishi pekee katika British Journal of Surgery, na mwanzoni haikuwashughulisha wengi. Kamati kama yako, ingemwita mwaka 1960, isingeona katika hesabu yake lolote la kuisisimua.

Yeye aliendelea. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, alisafiri kwa gari takriban maili 10,000, akipita hospitali baada ya hospitali kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiwaonesha madaktari picha na kuuliza kama wamewahi kuona watoto wa namna hiyo. Ramani aliyoipata ilionesha kwamba uvimbe huo uko katika nchi za joto na mvua, na hauko katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka huohuo alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, ambaye baadaye alipokea vipande vya uvimbe kutoka Kampala na mwaka 1964, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, akatangaza virusi vilivyomo ndani yake. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo limfoma ya Burkitt inajulikana katika kila chuo cha udaktari, na watoto wa pwani za ziwa hili wenye maradhi hayo wanapata dawa badala ya kukatwa taya bila faida. Majalada ya baadhi yao yamepita mikononi mwangu.

Mwaka 2021 jarida lilelile la British Journal of Surgery lilichapisha utafiti kuhusu upasuaji na chanjo ya korona wenye waandishi zaidi ya 15,000, idadi iliyoingia katika rekodi za dunia. Siwalaumu hata kidogo. Utafiti wa pamoja una mahali pake: ule wa mwaka 2018 uliofuata wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika ndio uliotuonesha kwamba wengi wanaokufa hufa baada ya siku ya upasuaji, wakiwa wodini, na hakuna daktari mmoja ambaye angeweza kuyaona hayo peke yake. Hata hivyo, mashine ya kuhesabu huongeza moja kwa Burkitt na moja kwa kila mmoja wa wale 15,000, bila kuuliza nani alifanya nini.

Wala haiulizi kama kilichoandikwa ni kweli. Daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini aliwapandikizia wagonjwa huko Stockholm mirija ya hewa ya plastiki, akasifiwa, na akanukuliwa sana kupitia jarida la tiba la The Lancet. Wagonjwa wakafa. Jarida lilifuta makala zake mbili mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya rufani ya Sweden ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Nukuu alizozipata hazikuwarudisha wale aliowapasua.

Kwa hiyo jawabu langu kuhusu ule mwaliko ni hapana. Kanuni za wahariri wa majarida ya tiba, zile zinazoitwa za Vancouver, zinataka mwandishi awe amechangia utafiti kwa kiasi kikubwa, ameshiriki kuiandika au kuihakiki makala, ameikubali ilivyochapishwa, na yuko tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Utawajibikaje kwa wagonjwa ambao hukuwaona? Waandikie kwa heshima, uwashukuru, ukatae.

Kwa kamati, peleka maelezo kando ya hesabu. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 linazitaka taasisi zisimpime mtafiti kwa sifa ya jarida alimochapisha, nawe una haki ya kulitaja. Eleza kwa kila makala ulichofanya wewe mwenyewe, na kilichobadilika wodini baada yake. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji iliyojaribiwa katika miji 8, Ifakara ya Tanzania ikiwa mmojawapo, ilieleweka kwa sababu ripoti ya mwaka 2009 ilisema wazi: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kamati yoyote inaelewa sentensi ya namna hiyo.

Rekebisha pia majina yako. Makala zako za kwanza zina jina langu na za sasa zina la mume wako, na nina hakika kuna mahali unahesabiwa kuwa watu wawili. Jiandikishe ORCID, mfumo unaompa kila mtafiti nambari yake ya utambulisho, uziunganishe zote kwa nambari hiyo moja.

Halafu ukamilishe ule utafiti wa watoto walioungua kwa uji na maji moto. Umeandika walivyotoka hospitalini. Hujaandika kama mikono yao inafunguka na kufumba baada ya mwaka. Hilo ndilo mama anayetoka Nyalenda na mtoto mgongoni anataka kulijua, na daktari wa Busia au Siaya atalinukuu kwa sababu atalihitaji. Utakapokuja Desemba tutakwenda pamoja kwa wenzangu wa zamani wa masjala. Njoo na kibali cha kamati ya maadili mkononi, kwa maana bila hicho hakuna atakayetufungulia majalada, na hata mimi nisingekubali wafungue.

Mama yako na wadogo zako wanakusalimu.

Wako akupendaye,
Baba