Mbegu za nyasi zinataka udongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie nyasi za uani zilizokonda na kuacha vipara. Wengi hununua mbegu, huzimwaga juu ya nyasi zilizopo, kisha huilaumu mbegu. Mbegu isiyogusa udongo ni hasara tupu: hata ikichipua juu ya majani makavu, mzizi hukauka kabla haujashika.

Kata nyasi zibaki sentimita 3 hivi, ondoa vipande, kisha kwaruza kwa reki ya chuma mpaka udongo uonekane. Palipokanyagwa pakawa pagumu, toboa kwa uma wa bustani, kina cha sentimita 8 hadi 10. Kwa mita moja ya mraba, ukoka hutosha gramu 5 hadi 10. Raigrasi, aina nyingine ya nyasi za uani, huhitaji gramu 25 hivi. Gawa mbegu mafungu mawili, moja ulimwage ukienda urefu, la pili ukienda upana. Kuzidisha hakusaidii, miche hubanana, ikashikwa na ukungu. Tandaza mboji iliyochekechwa, isizidi nusu sentimita, ukanyage taratibu.

Maji ndiyo huwashinda watu. Nyunyiza kidogo mara 2 au 3 kwa siku. Ukifurikisha, mbegu husombwa. Raigrasi huota kwa siku 5 hadi 10, ukoka wiki 2 au 3. Dawa ya kuzuia magugu yasiote isiguswe kipindi hicho, maana haibagui mbegu. Na kama kipara kiko chini ya mti wenye kivuli kizito, ukoka hautakaa hapo, ufanye ufanyavyo.

Mtunza bustani