Pampu za umeme mabondeni zisiwashwe bila swichi ya usalama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakulima wenzangu wa Bumbwisudi na mabonde mengine ya Unguja, sisi tunaomwagilia kwa pampu za umeme.

Kiangazi kilichopita mtoto wa ndugu yangu alishika pampu ya kisima cha shamba letu la bamia ili aisogeze. Alikuwa miguu mitupu, tope limemfika vifundoni, na mkono ukamganda pale pale. Mama yake alikwisha kumkimbilia. Lau si jirani aliyepiga kelele asimguse, kisha akaenda kuzima swichi kuu, leo ningekuwa naandika habari ya maziko mawili.

Tulipokagua tuliona kiungo cha waya kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, umepasuka kwa jua, nacho kimelalia gamba la pampu. Waya wenyewe ulikuwa wa nyuzi mbili tu, kwa sababu wa nyuzi tatu tuliuona ghali. Uzi huo wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, ndio unaounganisha gamba la pampu na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, ili umeme ukivuja upate njia nyingine isiyokuwa mwili wa mtu.

Wengi wetu tunaamini kwamba fyuzi inatosha. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya usiungue, kwani ile ya ampia 13 hupitisha bila kukatika mkondo unaozidi zaidi ya mara mia ule unaoweza kuusimamisha moyo wa mtu aliyerowa. Kinachomlinda mtu ni swichi ya usalama, ile inayokata umeme mara unapovuja: hufyatuka kwa miliampia 30 tu, yaani sehemu 30 kati ya elfu moja za ampia, kwa muda mfupi kuliko pigo moja la moyo. Ina kitufe cha kujaribia, na kikibonyezwa umeme usipokatika, swichi hiyo haifai tena na ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mikanda ya mashine za kukoboa mpunga, inayozunguka wazi huku mama zetu wakiinama na mitandio yao, nayo inanitia hofu, ila dawa yake ni kifuniko cha bati ambacho fundi yeyote wa kijijini anaweza kukikata.

Baada ya mita ya umeme, waya ni wetu wenyewe. Kwa hiyo nawaomba mabwana shamba, wanaotufundisha habari za mbegu na mbolea kwa bidii, waongeze somo hili, na kamati za umwagiliaji zisiruhusu pampu kuwashwa kabla ya fundi mwenye leseni kuikagua. Katika bonde letu, mchango wa swichi ya kwanza nitautoa mimi.

Mkulima,
Bumbwisudi, Unguja