Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: mvuvi wa Mloka naye apewe leseni

Mheshimiwa Waziri,

Salamu na heshima nyingi. Nakuandikia kuhusu Mloka, kijiji cha ukingoni mwa Rufiji, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa Nyerere. Anayekwenda kwa gari huiacha lami Kibiti, kisha hula vumbi hadi afike, na masika njia hiyo haina huruma. Wageni wengi wa nje hawaijui adha hiyo, maana hushuka na ndege ndogo karibu na kambi zao. Jioni hupanda boti, hutazama viboko, mamba na tembo waliokuja kunywa, kesho wakaondoka. Kijiji wamekiona kutoka angani.

Sina ugomvi na hifadhi, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Ninayemsemea ni mvuvi.

Rufiji haukai njia moja. Fungu la mchanga la mwaka jana, leo ni kina. Maji yakipanda, samaki huingia mabwawani kuzaliana. Yakishuka, watu hulima mlao kwenye udongo wenye unyevu. Mvuvi anayetega migono yake alfajiri anajua kiboko kalala upande gani, perege wamehamia wapi, na mtumbwi upite wapi ili jioni arudi kwa wanawe. Ujuzi huo hauna cheti cha Mweka, chuo cha wanyamapori, lakini ndio unaoliweka boti salama. Na tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, mto umeanza tabia mpya, na wa kwanza kuiona ni huyo huyo mwenye migono.

Kuna jambo jingine. Katika Mnyera na Ruhudji, mito inayolisha Kilombero na hatimaye Rufiji, wageni husafiri kutoka mbali kumfuata samaki mmoja wa meno marefu yanayopishana, ambaye wataalamu humwita Hydrocynus tanzaniae. Humvua kwa ndoana, humpiga picha, humrudisha majini. (Mtu anayelisha watoto kwa samaki ana haki ya kucheka, hasa kwa kuwa samaki mwenyewe ni miiba mitupu.) Lakini fedha wanazolipa si za kuchekesha.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni kwamba wavuvi wa Mloka wapimwe na kupewa leseni ya kuongoza wageni mtoni, kwa mtihani wa vitendo na kwa Kiswahili. Pia kipande cha mto kilicho nje ya hifadhi kitengwe kwa uvuvi wa burudani, na ada iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya kijiji. Najua uvuvi uko kwa mwenzako wa Mifugo na Uvuvi. Mto ni mmoja. Mkae meza moja. Mtumbwi wa gogo haufai kubeba wageni mbele ya mamba, kwa hiyo boti za faiba na jaketi okozi zitahitajika. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inaweza kuanzia hapo, kwa vikundi vya vijana na wanawake.

Watakuja wa kukuambia kwamba ukimfungulia mvuvi mlango, makokoro na nyavu za macho madogo yataingia naye. Mimi naona kinyume. Atakayelipwa kwa samaki aliye hai ndiye atakayekuwa wa kwanza kuripoti kokoro, na hatahitaji kuandaliwa doria.

Ukija Mtemere safari ijayo, tafadhali anzia Mloka, kabla msafara haujaingia langoni. Njoo kiangazi, Agosti hivi, wavuvi wakiwa dago, yaani kambini kwao mtoni, na maji yamepungua. Waulize wao kipande gani kinafaa. Mimi nimependekeza tu. Wao ndio watakaokionyesha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtembezi wa Rufiji,
Dar es Salaam