Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji ya chama chetu cha wafanyabiashara hapa Kigoma nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, nazipitia kwa ufupi. Semina ya utunzaji wa kumbukumbu ilifanyika Mwanga mwezi Machi. Wanachama wapya 11 wamesajiliwa, wengi wao kutoka Kibirizi na Ujiji. Tumewatembelea wagonjwa, tumewazika wenzetu wawili, pango la ofisi limelipwa lote. Kikao cha robo ya nne kilisogezwa mbele kwa sababu ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba. Suala la kufunga maduka mwezi Juni kuwaunga mkono wenzetu wa Kariakoo lilijadiliwa na kuamuliwa. Hatukufunga, na silirudii hapa.

Niende kwenye jambo ambalo limezungumzwa sana vibarazani na kwenye kundi letu la WhatsApp, yaani shilingi 4,500,000 za chama zilizotumika kumsaidia mwanachama mmoja kuweka pingamizi la kodi. Yamesemwa mengi, mengine mazito, hata kwamba mwanachama huyo ni shemeji yangu. Si shemeji yangu. Tunaishi mtaa mmoja, basi. Naomba mnisikilize hatua kwa hatua, kwa sababu wengi waliosema hawakuwepo siku ya kuamua.

Mwenzetu huyu ni wakala. Wateja wake wako Uvira, Kalemie na Bujumbura. Wanamtumia fedha kwa simu na kwa benki, yeye ananunua saruji, sukari na unga, anapakia mzigo bandarini na kubaki na kamisheni yake. Kazi hiyo inafanywa na zaidi ya thelathini kati yetu. Kwa miaka yote amekadiriwa kodi kwa kamisheni, na maofisa wa Mamlaka ya Mapato (TRA) walikuwa wakija dukani, wanafungua kaunta buku lake, wanaona majina ya wateja upande mmoja na kamisheni upande mwingine, wanaridhika. Mwaka jana ukatolewa mtazamo mpya kwamba fedha yote iliyopita mikononi mwake ni mauzo yake. Mtazamo huo haukuanzia mwaka huo. Ulirudishwa nyuma miaka minne. Kwa hesabu hiyo akawa amevuka ukomo wa mauzo ya shilingi milioni 100 wa mfanyabiashara mdogo, akaulizwa ziko wapi hesabu zilizokaguliwa za miaka ambayo hakuna aliyewahi kumwambia azitengeneze. Makadirio pamoja na riba na adhabu yakafika shilingi 20,400,000.

Ndugu wanachama, kumbukumbu za biashara tunatakiwa kuzitunza miaka mitano, na ndani ya muda huo makadirio yanaweza kufunguliwa upya. Hilo hatulipingi, ni sheria. Tunachopinga ni mtu kupimwa kwa kanuni ya leo kwa kazi aliyoifanya kwa kanuni ya jana. Chama hiki kilianzishwa kwa ajili ya hilo, na iko kwenye ukurasa wa kwanza wa katiba yetu.

Sasa kuhusu fedha. Anayepinga makadirio ana siku 30 tangu kupokea uamuzi. Pingamizi halipokelewi mpaka alipe kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Theluthi yetu ilikuwa shilingi 6,800,000. Sheria inaruhusu kuomba kupunguziwa au kusamehewa amana hiyo ikiwa ipo sababu ya msingi. Tuliomba, barua niliiandika mimi mwenyewe usiku na nakala ipo ofisini, lakini ofisi husika haikujibu na siku zilikuwa zinayoyoma. Mwenzetu alitufikia siku ya kumi na nane akiwa na makaratasi yake kwenye mfuko wa sukari. Nusu ya risiti za EFD (mashine za kodi) alizokuwa nazo zilikuwa zimefifia hadi hazisomeki. (Tafadhali toeni kopi ya kila risiti siku hiyo hiyo mnayoipata. Karatasi zile hazimalizi mwaka wa pili dukani kwenye joto.)

Niliitisha mkutano wa dharura. Ujumbe ulitumwa kwa kila mwanachama, na waliosoma wanaonekana. Akidi yetu ni theluthi moja ya wanachama 186, yaani 62. Walikuja 19. Tulisubiri mpaka saa kumi na moja jioni kwenye ukumbi ambao chama kiliulipia. Katibu aliwapigia watu simu, wengine wakajibu wako njiani, hawakufika. Ndipo Kamati Tendaji ikatumia mamlaka yake ya dharura, ambayo katiba yetu inayataja wazi, ikaidhinisha shilingi 4,500,000. Shilingi 2,300,000 zilizobaki alizitafuta mwenyewe kwa kuuza pikipiki na kukopa. Sikuamua peke yangu: wajumbe saba walikuwepo, sita wakakubali, mmoja akakataa na hoja yake imo kwenye muhtasari.

Fedha ile haikugawiwa. Ni mkopo wenye mkataba na wadhamini wawili. Pingamizi likikubaliwa, amana itarejeshwa au kuhesabiwa kwenye kodi nyingine, naye atairudishia chama. Likikataliwa, atalipa kwa miezi 18. Mpaka naandika taarifa hii pingamizi halijatolewa uamuzi. Likishindikana ipo Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake Baraza la Rufani za Kodi, na hatimaye Mahakama ya Rufani. Nawaambia wazi kwamba safari inaweza kuwa ndefu.

Wapo waliouliza kwa nini tumpiganie mmoja badala ya kununua kiwanja. Swali hilo liliniumiza. Mtazamo ule ukisimama kwa huyu, mawakala thelathini na zaidi waliomo humu watafuata, kila mmoja na miaka yake minne. Hapo kiwanja tutakiuza kulipa theluthi za watu.

Wengine walisema kupinga sheria inayorudi nyuma haiwezekani, serikali haishindwi. Niwape mifano ya nje. India, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2012 kwamba kampuni ya Vodafone haidaiwi kodi kwa ununuzi uliofanyika mwaka 2007. Mwaka huo huo Bunge likabadilisha sheria ya kodi ya mapato na kusema mabadiliko hayo yahesabiwe kuanzia tarehe 1 Aprili 1962. Miaka 50 nyuma! Walipakodi walipinga, mashauri yakaenda mpaka kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Agosti 2021 India yenyewe ikaifuta kodi hiyo ya kurudi nyuma. Uingereza, kifungu cha 58 cha Sheria ya Fedha ya 2008 kiliwagusa watu waliokuwa wakipitishia mapato yao kwenye ubia wa kisiwa cha Isle of Man, na kikaamuru marekebisho yahesabiwe kuwa yalikuwepo siku zote. Waliungana, wakawaandikia wabunge, wakaenda mahakamani, wakashindwa kwenye Mahakama ya Rufani mwaka 2011. Baadaye ikaja tozo nyingine juu ya watu waliokuwa wakilipwa kwa jina la mkopo badala ya mshahara, nayo ikirudi hadi mwaka 1999. Safari hii kelele zilisikika. Sir Amyas Morse, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, aliagizwa kuipitia, na Desemba 2019 serikali ikakubali isiguse mikopo ya kabla ya tarehe 9 Desemba 2010. Miaka zaidi ya kumi ya madai iliondolewa kwa sababu watu walisimama pamoja. Najua watakuwepo wa kusema wale walikuwa wanatafuta mianya. Mwanya ukionekana, uzibwe kuanzia leo na kuendelea.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitatozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 13(6)(c) inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa. Kinga hii ya pili inahusu makosa ya jinai, si kodi, na hapo ndipo penye pengo. Rais alipoizindua Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue mwezi Oktoba, Kamati iliandaa maoni ya kurasa nane tukayatuma. Tuliomba iandikwe kwenye sheria kwamba kodi mpya, au tafsiri mpya ya kodi ya zamani, ianze siku inapotangazwa na isiguse miaka iliyokwishapita, isipokuwa pale inapompa mlipakodi nafuu. Nafuu ya kurudi nyuma tuliipokea mwaka 2018, riba na adhabu ziliposamehewa kwa asilimia 100 kwa waliojitokeza, na wapo humu walionufaika. Rasimu ya maoni hayo niliiandika mimi, mshauri wa kodi akaisahihisha. Niliomba mchango wa mawazo kwenye kundi kwa wiki mbili. Nikapata majibu matatu, na mojawapo lilikuwa tangazo la dagaa.

Sasa hesabu. Tulianza mwaka na shilingi 3,910,000. Ada iliyopatikana ni 4,335,000, michango maalumu 1,280,000, jumla 9,525,000. Matumizi: mkopo wa amana 4,500,000, mshauri wa kodi 1,500,000, pango na umeme 1,440,000, nauli, uchapaji na vikao 865,000, jumla 8,305,000. Salio ni 1,220,000. Vocha zote anazo Mweka Hazina. Mafuta ya gari langu kwa kazi za chama sikuyadai.

Ada yetu ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Wote wangelipa, tungekusanya 11,160,000. Waliolipa mwaka mzima ni 52, waliolipa nusunusu 71, na 63 hawakulipa hata mwezi mmoja. Natambua kwamba Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na wenzetu wa Kibirizi walikaa bila dagaa. Kamati iliwaongezea muda. Lakini wenye maduka ya vifaa vya ujenzi pale Mwanga hawavui, na baadhi yao ndio waliouliza kwa sauti kubwa fedha za chama zimekwenda wapi. Inasikitisha sana. Mahudhurio nayo ni yale yale: katika vikao vinne vya kawaida, ni kimoja tu kilichofikisha akidi, nacho kilikuwa kile cha semina chenye chakula.

Kwa mwaka ujao Kamati inatarajia, fedha zikiruhusu, kufuatilia pingamizi hili mpaka mwisho wake, kufika Kasulu na Uvinza kutafuta wanachama, na kuonana na wabunge wetu kabla ya Muswada wa Sheria ya Fedha kusomwa, maana sheria ikishaanza tarehe 1 Julai tunakuwa tumechelewa. Tungependa pia kuwa na mfuko wa pekee wa amana ili jambo kama hili lisitukute tena mikono mitupu. Namna ya kuuchangia tutaijadili.

Wenye madeni ya ada wamwone Mweka Hazina kabla ya mwisho wa Machi. Muhtasari wa mkutano wa dharura, mkataba wa mkopo na nakala ya maoni tuliyotuma viko mezani mlangoni, na kila mwanachama anaruhusiwa kuvisoma.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Kigoma