Mama, chandarua kisitolewe

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Huku Maskati sote wazima, alhamdulillahi.

Nimesikia ujumbe wako wa sauti. Ni kweli, mtoto alipopimwa damu alionekana ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Lakini hilo la Shangazi, kwamba mwenye upungufu huo hashikwi na malaria, basi tukija Wete asisumbuliwe na chandarua, siliafiki hata kidogo.

Shangazi hakulizua. Kimeng'enya hiki huzilinda chembe nyekundu za damu. Kikipungua, chembe hizo huwa dhaifu, na kimelea cha malaria hakistawi vizuri ndani yake. Mwaka 1995 watafiti waliochunguza watoto wa Gambia na Kenya waliona kwa wenye upungufu huo hatari ya malaria kali imepungua karibu nusu. Ila 2015 ulitoka utafiti wa Kilifi, pwani yetu hii hii: wasichana wenye jeni moja yenye kasoro walikuwa na kinga, wavulana wenye upungufu hawakuonekana kuwa nayo. Na wangu ni mvulana, Mama. Tena kazaliwa mahali ambapo malaria haimo, mwili wake haujapata kuizoea.

Kinachonitia hofu zaidi ni sanduku lako. Zile kanga ulizomwekea najua umezitilia naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu wa nguo. Kwa mtoto huyu ni sumu: chembe za damu hupasuka, macho yakawa manjano, mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Nakuomba asifunikwe nazo kabisa, nitakuja na zake. Na vidonge vyenyewe vitoke chumba atakacholala.

Jambo hili limepita kwangu, kwani mtoto wa kiume huirithi jeni hiyo kwa mama yake. Huenda na mdogo wangu anayo, hata kama hajapata kuumwa. Mwambie akijifungua, akimwona mtoto ana umanjano, asikae kumwotesha jua la asubuhi akitaraji litaondoka; ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Najua malaria imepungua sana visiwani na watu wameanza kuviona vyandarua ni adha. Hata hivyo kile cha chumba cha nyuma kiangalieni kama kina matundu. Mtoto akipata homa apimwe kwanza, na daktari aambiwe habari ya G6PD kabla hajaandika dawa, maana zipo za malaria zinazoweza kumdhuru, kama primakwini.

Nisalimie Shangazi, mwambie sikukasirika.

Mwanao akupendaye